Upande wa Mama kwenye Sinia

Siku hizi mwenye kisukari akila nje, sharti kwanza akiambie kifaa chake cha mkononi atakula wanga kiasi gani. Kifaa humpa insulini ya kiasi hicho, kisha hufuatilia sukari ya damu yake, maana insulini ikizidi chakula huweza kuua. Akikosea mara tatu, haruhusiwi tena kula na watu. Huletewa sahani iliyopimwa, ale peke yake, maisha.

Mama yangu, Mwanakheri, alikuwa amekosea mara mbili alipokwenda harusini kwa mdogo wake, nami nikafuatana naye. Walikaa wanawake wanne kuzunguka sinia moja la pilau. Mama akachora mstari kwenye wali kwa kidole, akanong'oneza mkono wake, "Gramu arobaini."

Wifi yake, Bi Mize, akamsukumia kiazi.

"Nimeshiba, wifi."

"Umeshiba au umenuna?" Akamsukumia na wali, kwa mapenzi kabisa. Kwetu, ukiacha ulichosukumiwa umetangaza ugomvi. Mama alinitazama, akala.

Kabla kahawa haijaletwa, taa nyekundu iliwaka mkononi mwake.

Sasa sahani yake huletwa mlangoni kila adhuhuri, imefungwa, na kifaa humpa insulini yake mapema. Sisi haturuhusiwi kuigusa wala kuketi naye. Jana nilichungulia nikamwona mkekani, amechora mstari katikati ya wali, nusu ameisukuma upande wa pili, pasipo na mtu.

"Mama, malizia chakula."

"Hicho cha wenzangu," alisema, akanawa mikono.

Kifaa kilikuwa kimeshampa insulini ya sahani nzima.