Mgeni wa Uvunguni

Kipaka aliyeletwa asubuhi alikuwa bado uvunguni mwa kitanda cha Bi Zuhra, dagaa hajawagusa.

"Asipokula, jioni namrudisha kwa mama yake," alisema jirani, Bi Mashavu, akiwa mlangoni. "Humu kimya mno, shoga. Hebu msemeshe!"

Alipoondoka, Bi Zuhra akakaa sakafuni. Amsemeshe nini? Tangu afiwe na mumewe, maneno yalikuwa yamemwishia.

"Kitendawili," akanong'ona.

Hakuna aliyemjibu "tega". Akatega hivyo hivyo: "Mgeni wangu yumo ndani, nami bado niko peke yangu."

Akainama kuchungulia uvunguni.

"Umeshindwa? Basi nipe mji."

Kipaka akatoka polepole. Akawapita dagaa bila kuwanusa, akakanyaga upindo wa kanga ya Bi Zuhra, akasimama hapo, mguu mmoja hewani.