Gunia Lililouliza

Mlitazama pembeni watu wa kampuni walipokuja kuzoa mbegu zetu na kukataza kubakiza hata suke, na leo mnatazama pembeni tena. Mama Nyemo aliuloweka mtama wao mpya, ule usioogopa ukame, apate kimea cha uji wa Nyemo aliyejifungua juzi. Haikuota hata punje moja.

Gunia la kampuni, maana siku hizi magunia yanasema, likamwambia, "Mama, mtama huu ni wa kula tu. Hauna kibali cha kuota."

"Mama? Nilikuzaa lini wewe?" alifoka. "Mmeuzalisha kwa mbegu ya bibi yangu!"

"Na yale masuke yanayoning'inia juu ya jiko," gunia likauliza kwa upole, "ni ya nani?"

Wewe uliyebakiza suke, lipande leo, kabla gunia lako halijauliza.