Kijiko cha Uji

"Hakurithi kwa mama wala kwa baba," daktari alisema. "Vinasaba vimebadilika vyenyewe ndani ya seli zake, ndiyo ikaanza saratani hii ya mitoki. Ni ya nadra sana."

Bi Mwanakheri, aliyekuwa akimlisha mtoto uji, alirudisha kijiko bakulini. Tangu mjukuu wake avimbe shingo, alikuwa akiwaambia majirani kuwa haya ni maradhi ya kwao Siwema, mama wa mtoto, na akamkataza mkwewe huyo kumlisha mtoto kwa mkono wake.

Daktari alipotoka, Bi Mwanakheri akachota uji, akamnyooshea Siwema kijiko. "Mwanangu, mlishe wewe."

Siwema alikuwa amechoka hata kumtazama. Mikono yake ilibaki mapajani. Kati yao, mtoto alikwishafungua kinywa, anasubiri.