Mbuzi Aliyekula Kofia

Shuka la tatu liliungua asubuhi hiyo, na aliyeliunguza alikuwa anacheka huku machozi yanamtoka.

"Redio, una wazimu?" Mama Sabuni aliinyanyua pasi haraka. Ndiye aliyekuwa mkubwa wa chumba cha kufulia nguo za hoteli. Binti huyo walimbandika jina la Redio kwa sababu huimba tangu anapovua viatu mlangoni hadi anapovivaa tena.

"Nyamazeni," Redio alinong'ona. "Sikilizeni."

Ng'ambo ya ukuta, kwenye karakana ya vyuma iliyofunguliwa wiki ile, fundi mmoja alikuwa akiimba. Sauti yake ilikuwa nzito, ya mikwaruzo, kama gari linalopanda mlima:

*Mbingu imefunga mlango, ng'ombe wamelala chini,*
*tumejitwisha vyungu, barabara ituambie.*

"Si wimbo wako huo?" aliuliza Kiherehere, mpiga pasi wa meza ya pili.

"Ni wetu sote tuliohamishwa na ukame. Popote walipo watu wa kwetu utausikia." Redio aliuelekezea ukuta kidole. "Lakini sasa hivi, kabla hamjanyamaza, ameimba ubeti wa mbuzi."

"Mbuzi gani?"

"Wa nyumbani kwetu. Alibaki mmoja tu, tukimwita Mheshimiwa. Siku ya kumuuza akala kofia ya mnunuzi! Tulikuwa na njaa, hatujui tutalala wapi, lakini tulicheka mpaka tukakaa chini. Ubeti ule ulitungwa palepale njiani. Haujui mtu yeyote, isipokuwa..."

Wanawake sita walikuwa wameshamzunguka.

"Isipokuwa nani? Sema, shoga, utatuua!"

"Mtu niliyempenda kuliko wote. Alitangulia kutafuta kazi, akaahidi kutuma habari. Sisi tuliobaki tukahama tena, na tena. Sasa ni miaka kumi na mitatu."

"Mchumba wa utotoni!" Kiherehere alipiga kigelegele hadi vifungo vikaruka mezani.

Redio aliinama kuviokota vifungo. Je, kama siye? Nyimbo husafiri, watu hupokezana. Akilitamka tumaini lake halafu akute mtu mwingine, hatakuwa na nguvu ya kusimama tena. Afadhali wacheke tu.

"Mjaribu kwanza," alisema Mama Sabuni. "Mwimbie nusu. Kama ndiye, atamalizia."

Redio alipanda juu ya kapu la nguo chafu, akasogeza mdomo kwenye tundu la hewa. Akaimba:

*Mheshimiwa kala kofia, mwenye kofia analia!*

Nyundo ng'ambo ikanyamaza. Mama Sabuni alizima mashine kubwa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya saa za kazi. Walisubiri. Povu lilisikika likipasuka kwenye beseni. Kisha ile sauti nzito ikajibu:

*Mleteeni na koti, kofia haijamshibisha!*

Chumba kililipuka. Mmoja alicheza na foronya kichwani, mwingine akamkumbatia mwenzake hadi wote wawili wakatumbukia kwenye rundo la taulo. Kiherehere alimfunika Redio shuka jeupe kama shela. Mama Sabuni, ambaye kumwomba ruhusa ni kama kumng'oa jino, alifungua mlango wa nyuma mwenyewe.

"Twende, mdogo wangu. Utakwendaje peke yako?"

Basi wakauzunguka ukuta, wanawake saba wenye povu hadi viwikoni, vigelegele juu. Dereva wa lori alisimamisha gari.

"Harusi ya nani?"

"Ya Redio!"

"Bwana harusi yuko wapi?"

"Anachomelea geti!"

Walimkuta katikati ya karakana, mabega mapana ndani ya ovaroli, uso wote umefichwa na kinyago cha chuma cha kukinga cheche. Alikuwa amesimama wima, mikono inaning'inia, kama mtu aliyeitwa jina na hajui limetoka wapi.

"Jamani, hata kuoga hajaoga!" Kiherehere alipiga kelele. "Bwana harusi, vua hicho tukuone!"

Redio hakumsikia. Alitembea juu ya vipande vya vyuma bila kutazama anapokanyaga, shuka likiburutika nyuma yake, mpaka zikabaki hatua mbili.

"Ni wewe?" aliuliza. "Niambie ni wewe."

Fundi alivua kinyago. Vigelegele vikakatika. Nywele za mvi, zilizosukwa mistari myembamba, ziliangukia shingoni, na hereni mbili ndogo zikametameta.

"Mwanangu," alisema mama yake kwa ile sauti nzito, "umekula?"