Mgongo wa Lazarus

Dakta Meredith alipoingia darasani kwa mlango, Lazarus Jakamarra alitoka kwa dirisha.

Hakukimbia. Alikusanya penseli zake, akageuka na kumpa Dakta mgongo, akavuka dirisha taratibu kama mtu anayetoka kanisani kabla ya sadaka kupitishwa. Wenzake wakaziba midomo wasicheke.

Dakta aliandika: mtoto anakwepa watu, wenzake wanamdhihaki.

Alikuwa ameletwa huku jangwani kupima hali ya mioyo ya watoto wetu: nani ana furaha, nani ana hofu, nani anahitaji msaada. Kipimo chenyewe kilikuwa kadi zenye sura, kuanzia inayocheka hadi inayolia, na kila mtoto alichagua iliyofanana na moyo wake.

Mwanamke mwema, tuseme ukweli. Alipofika tu alikaa chini vumbini na akina mama, akala mkate wa kuoka majivuni bila kukunja uso, mpaka Dulcie Nampijinpa, bibi yake Lazarus, akampenda na kumpa jina.

"Kuanzia leo wewe ni Nangala, mtoto wa kaka yangu," alimwambia. "Mimi ni shangazi yako. Hatutaki uzurure hapa kama mbwa asiye na mwenyewe."

Dakta alitokwa na machozi. Kwa jina moja tu, maana kwetu jina ndilo linalopanga nani ni nani kwa nani, alikuwa amepata shangazi, dada na wajukuu kambi nzima. Kesho yake Dulcie akaondoka kwenda msibani, mbali, na kwetu msiba haumalizwi kwa siku mbili tatu.

Watoto wakachagua sura zao. Rosita, dada yake Lazarus, alichagua zote kisha akauliza kama kuna nyingine. Lazarus alizilaza kadi kifudifudi, akageukia ukuta.

"Kaka yako haongei?" Dakta alimuuliza Rosita.

"Huyo? Anaongea mpaka mbwa wanachoka."

"Mbona mimi hanisemeshi?"

Rosita akamkodolea macho, kama aliyeulizwa kwa nini maji yanalowesha. "Si kwa sababu ni wewe?"

Dakta aliandika: hofu ya wageni.

Hakuwa mtu wa kukata tamaa kirahisi. Alimfuata Lazarus kwenye mpira. Lazarus akahamia upande wa pili wa uwanja, akaendelea kufunga magoli huku amempa mgongo. Alimtilia peremende mkononi. Mtoto akaziacha zidondoke. Ijumaa, mbele ya darasa zima, alipiga magoti, akamshika kidevu kwa upole na kumwinua uso.

"Niangalie, mwanangu. Mimi siumi."

Wenzake wakainamisha nyuso. Lazarus alifumba macho kwa nguvu, na machozi yakapenya hivyo hivyo. Jioni ile akina mama walimtazama Dakta, wakatazamana wao kwa wao, kisha wakarudi kwenye chai yao. Mtu mzima huyo, nani angemfundisha?

Barua ikaandikwa. Lazarus angepanda ndege ya Jumatatu, akalazwe mjini kwa uchunguzi. Atarudi lini, haikusema.

Dulcie alirudi Jumapili, vumbi la safari likiwa bado nyweleni. Aliposikia habari za ndege, alikaa pale pale mlangoni. Dada yake mkubwa alichukuliwa hivyo hivyo zamani, kwa barua, na watu wenye nia njema. Hakurudi tena.

"Mjukuu wangu kafanya nini?" alimuuliza Dakta. "Niambie tu, mwanangu. Kampiga mtu?"

"Hajafanya kosa lolote, shangazi. Anaumwa moyoni. Kila akiniona ananipa mgongo."

"Anakupa mgongo."

"Nikiingia, anatoka. Na jina langu hajalitamka hata siku moja."

"Ehe."

"Jana wamechoma mkia wa kangaruu. Kipande kizuri kuliko vyote alinitengea mimi, lakini kukileta mwenyewe hakuweza. Alimtuma Rosita akiweke chini, yeye akajibanza nyuma ya tangi la maji mpaka nikamaliza kula. Mtoto anateseka, shangazi. Inaniuma."

 Dulcie alimwangalia mpwa wake, na midomo ikaanza kumchezacheza.

"Nimesikia huko njiani kwamba ulimshika."

"Kidevu tu. Kwa upendo."

"Yesu wangu!"

Dulcie alijifunika uso kwa sketi yake, mabega yakatikisika. Dakta alidhani analia, naye akaanza kulia, akamkumbatia. Lakini bibi alipofunua uso alikuwa anacheka, machozi yakimtiririka mpaka shingoni.

"Ichane hiyo barua, mwanangu, halafu ukajifiche wewe," alisema. "Kwetu mkwe hatazamwi wala hasemeshwi, na jina nililokupa limekufanya mama mkwe wake."