Pampu ya Ndege ya Pili

Fundi aliing'oa pampu nzima ya mafuta kutoka Ndege ya Kwanza, akaifunga kwenye Ndege ya Pili. Ile pampu ya Ndege ya Pili, iliyokuwa ikivuja, akaihamishia kwenye ya Kwanza. Hakuandika popote.

Kuandika kulihitaji muhuri wa shirika la ndege la taifa, na muhuri wenyewe ulichukua siku tatu. Shirika lao dogo la safari fupi, lenye ndege mbili za injini moja moja, lilikuwa mali ya hilo kubwa, ambalo wafanyakazi waliliita Mama wa Kambo. Na kweli alikuwa wa kambo. Marubani wazoefu, ngazi mpya, hata birika la chai, chochote kizuri kilichofika kwao alikichukua bila kuaga. Abiria walirushwa kwa masazo.

Saa tatu asubuhi mke wa fundi angesafiri na Ndege ya Pili kwenda kufanyiwa upasuaji. Ya Kwanza haikuwa na safari hadi Jumatatu, na pampu mpya ingeletwa mchana huohuo. Angeifunga, mambo yakaisha, hakuna ambaye angejua. Hata hivyo alijionea aibu.

Mkewe alipiga simu akiwa ukumbi wa abiria.

"Umeikagua mwenyewe, baba watoto?"

"Kwa mikono yangu hii."

"Basi mie roho yangu imetulia."

Hajakata simu vizuri, mkuu wa kituo akaingia karakanani, naye simu iko sikioni.

"Fundi, nijibu haraka. Kati ya hizi mbili, ipi unaweza kuiapia?"

"Ya Pili," fundi alisema bila kufikiri mara mbili. "Hiyo hata mke wangu ningempandisha."

Mkuu alicheka, akaipeleka kauli hiyo kwenye simu neno kwa neno, kisha akatoka akiendelea kuongea.

Fundi alikwenda msalani kunawa. Grisi ilikuwa imeganda kuchani, akasugua mpaka vidole vikawasha. Akiwa bado anasugua alisikia injini ikinguruma, akachungulia dirishani. Ndege ilikuwa imekwishapaa, mbali mno kusoma namba yake, na zile mbili zilifanana kama mapacha. Aliitazama hadi ilipozama mawinguni. Kwa mara ya kwanza tangu kupambazuke alishusha pumzi, akajifuta mikono kwa suruali na kuchukua spana akaishughulikie Ya Kwanza.

Mlangoni mwa karakana, watu wawili wa Mama wa Kambo walikuwa wamepanda ngazi, wanabandika nembo yao kubwa ubavuni mwa Ndege ya Pili. Pale ilipokuwa imeegeshwa Ya Kwanza palibaki doa la mafuta, bado bichi.