Daktari wa Meno na Kisa cha Kweli

Mgonjwa alikuwa na pamba mbili mdomoni na ganzi nusu ya uso pale daktari wa meno alipomwinamia na kumuuliza, "Umeshakipakua kitabu changu?"

"Ngaa," alisema mgonjwa.

"Safi. Basi nikusimulie sura ya kwanza tu, nisikuharibie utamu."

Hiyo ndiyo iliyokuwa mbinu yake ya kutangaza kitabu, maana nyingine zote zilikuwa zimegonga mwamba. Wiki tatu nyuma alikuwa amekiweka mtandaoni kitabu chake cha kwanza, Koleo la Mjomba, bila mchapishaji wala mhariri. Jalada alilichora mwenyewe, na lile jino la mbele watu wengi walidhani ni kitunguu. Kitabu kilimhusu tapeli aliyejifunza kung'oa meno kwenye karakana ya mjomba wake seremala, akachongesha cheti bandia, akafungua kliniki na kutajirika. Daktari mwenyewe alikuwa amesota chuoni miaka sita mpaka nywele zikaanza kumkimbia, kwa hiyo hadithi yote aliitoa kichwani. Ilimchukua miaka minne, akiandika kati ya mgonjwa na mgonjwa. Hakuna kitu alichowahi kukipenda vile, na mkewe alishalizoea hilo.

Wanunuzi walikuwa wanne: mkewe, dada wa mapokezi, na yeye mwenyewe mara mbili.

"Kaka, tatizo ni hili," alimwambia mdogo wake wa kike, aliyekuwa akiuza nguo mtandaoni na hajawahi kubakiwa na gauni hata moja. "Wewe umeandika hadithi. Watu hawanunui hadithi, wananunua umbea. Sema ni kisa cha kweli kilichokukuta."

"Lakini si kweli."

"Na nguo zangu hazitoki ng'ambo. Nani amekufa?"

Daktari alijikuna kichwa siku mbili. Siku ya tatu akaandika juu ya jalada kwa herufi kubwa: KISA CHA KWELI. YALINIKUTA MIMI.

Wiki haikuisha, wasomaji wakafika mia nane. Mama mmoja aliandika kwamba sura ya tano ilimliza mpaka akaunguza mboga. Mwingine alimpa nyota tano na kumwita "tapeli wangu kipenzi". Kitabu kikakwea hadi nafasi ya kwanza kwenye orodha ya visa vya kweli. Wagonjwa wawili walishuka kwenye kiti na kutoka mbio na pamba zao mdomoni, lakini daktari hakuwaona, alikuwa anasoma maoni.

Kati ya wote alimpenda zaidi mmoja aliyejiita Msomaji Makini. Huyu aliuliza maswali ya maana. Cheti kilichongwa mwaka gani? Muhuri alitengeneza nani? Mtu wa kwanza kung'olewa jino bila ganzi alikuwa nani? Daktari alijibu yote, na palipopwaya akatia chumvi. Alijisikia raha mpaka chakula hakikupita, maana miaka minne yote hakuna aliyewahi kumuuliza habari za watu aliokuwa akiishi nao kichwani.

Kisha ukaja ujumbe: "Natamani saini yako, lakini kitabu chako hakina karatasi. Nimekichapa chote mwenyewe. Naweza kuja?"

Alikuja Jumatatu asubuhi, mama wa makamo mwenye miwani ya mnyororo, na faili zito ambalo karibu kila ukurasa wake ulipigiwa mistari myekundu. Daktari nusura amkumbatie. Alisaini ukurasa baada ya ukurasa, na alipoombwa aandike pembeni "ni kweli tupu", aliandika hivyo hivyo bila kuinua kichwa.

"Ahsante sana," mama alisema, akalifunga faili. "Kitabu chako nimekisoma mara tatu, na mara zote nimecheka. Sasa nijitambulishe. Mimi ni mkaguzi, natoka kwenye baraza linalotoa leseni za madaktari."

Daktari akakalia kiti cha wagonjwa.

Dada wa mapokezi, aliyekuwa anasikiliza mlangoni kama kawaida yake, aliingia mzimamzima. "Mama yangu, huyu kasoma! Miaka sita! Ni mjinga tu, lakini kasoma! Cheti kile pale ukutani, niangue?"

"Natumaini kasoma," mama alisema kwa upole. "Ndiyo maana nimekuja mwenyewe kabla ya kuleta askari. Daktari, chukua kalamu. Andika hapa kwamba kitabu ni cha kubuni, tuambatanishe cheti chako, yaishe. Usipoandika, kliniki naifunga leo mchana na jambo linakwenda mahakamani."

"Hayo nitakayoandika," daktari aliuliza kwa sauti ndogo, "mtayatangaza?"

"Kila mahali. Watu wameingiwa na hofu, lazima wajue. Na kwenye ile orodha ya visa vya kweli kitaondolewa."

"Andika, bosi," dada wa mapokezi alimsihi, akimpachika kalamu mkononi. "Nje kuna mtu ana jipu la ufizi, analia kama mtoto. Andika tufanye kazi."

Daktari aliiangalia karatasi. Alifikiria miaka sita ya chuo, mkewe, mashine mpya ya kupiga picha za meno ambayo hata plastiki haijatolewa. Alifikiria watu mia nane wakiambiwa kwamba mjomba hakuwahi kuwepo. Machozi yalimlengalenga.

Kisha akainama, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi akaandika kwa mwandiko unaosomeka: "Mimi si daktari, na sijawahi kuwa."